Ufa Uliopakwa Chokaa

Hapo juzijuzi, si zamani wala si kale, palikuwa na nchi ambayo jina lake lilikuwa limepelekwa kwenye kamati lifanyiwe marekebisho, na kamati haijalirudisha hadi leo. Kwa hiyo nitaiita nchi tu, nanyi mtanisamehe. Nchi nyingine zina mafuta, nyingine zina almasi. Hii ilikuwa na utaratibu, na wananchi wake waliuchimba kila siku wakiwa wamepanga foleni.

Katika utaratibu huo palikuwa na wizara mbili za maafa. Wizara ya Maafa Yaliyopita ilishughulikia mafuriko yaliyokwisha, njaa zilizokwisha, na moto uliozimika wenyewe. Wizara ya Maafa Yajayo ilishughulikia yale ambayo bado. Maafa yanayotokea muda huohuo hayakuwa na wizara, kwa kuwa yalihesabiwa kuwa hayana adabu. Jambo gani hilo linatokea bila kuandika barua kwanza?

Wizara ya Maafa Yajayo ilikuwa na ramani. Kijiji kilichokuwa salama kilipakwa rangi ya kijani. Kijiji cha mashaka kilipakwa manjano. Kijiji ambacho watu wake walipaswa kuhamishwa mara moja kilipakwa nyekundu, na hapo ndipo Serikali ilitoa malori, mahema na ardhi ya kuhamia. Sasa, kijani ilikuwa pia rangi ya chama cha Gavana, na nyekundu ilikuwa rangi ya kile chama kingine. Kwa miaka saba ya tathmini, Kaunti ya Nyangata haikuwa imepata kijiji hata kimoja chekundu. Wataalamu wa nchi jirani walikuwa wakija kujifunza siri ya mafanikio hayo, na kurudi kwao na kofia za kijani.

*

Juu ya ubavu wa kilima kiitwacho Kibiyo, katika kaunti hiyo, palikuwa na kitongoji cha kaya arobaini na sita. Mmoja wa wakazi wake alikuwa Zipora Kaseve, mjane, mkulima wa viazi, mwanamke ambaye majirani walisema hahitaji simu kwa sababu sauti yake hufika kabla ya mtandao. Mwezi wa kwanza alikuwa akipalilia, jembe likachomoka mpinini na kutumbukia katika ufa ambao jana yake haukuwepo. Zipora alitega sikio asikie likianguka. Alitega kwa muda mrefu. Kisha akaenda kuazima jembe la jirani, akaanza kufikiri.

Mwezi ule ufa ulikuwa na upana wa shibiri moja. Mwezi wa pili ulikuwa shibiri tatu. Mwezi wa tatu mbuzi wake alitumbukia humo akatolewa kwa kamba, na tangu siku hiyo mbuzi yule alikataa kabisa kwenda upande ule, akawa mtaalamu wa kwanza wa maafa katika Nyangata nzima. Ufa wenyewe ulipita juu ya kitongoji chote, kuanzia shamba la Zipora hadi nyuma ya shule ya chekechea, kama mstari wa chaki ambao fundi cherehani huuchora kabla hajashika mkasi.

Zipora aliandika barua Wizarani. Alijibiwa kwa barua yenye mihuri minne: "Ufa wako umepokelewa." Akaandika tena, kwamba masika yamebaki wiki tatu na kwamba anaomba watu wahamishwe, si ufa. Akajibiwa kwamba wataalamu watafika Ijumaa, na kwamba kabla ya hapo ajaze fomu ya kurasa arobaini na moja, nakala tisa, kila ukurasa ugongwe muhuri makao makuu ya kaunti. Zipora alijifunga kanga, akashuka mjini. Alikaa huko siku tatu, kwa kuwa mwenye muhuri alikuwa likizo na mwenye wino alikuwa semina.

*

Siku tatu hizo ndizo zilizomponza. Chifu wa eneo, Harun Tindi, mtu safi sana, mwenye kunyoosha hata soksi kwa pasi, aliitisha baraza.

"Wageni wanatoka Wizarani," alisema. "Wanakuja kuutazama ufa wetu. Nimepita pale jana. Una magugu, una mabonge ya udongo, umeachama kama mdomo wa mlevi aliyelala juani. Nawauliza, nani kati yenu humwalika mgeni kabla hajakandika nyumba?"

Katika Nyangata mgeni haonyeshwi mkeka uliotoboka. Tundu huwekwa upande wa mwenyeji, na mwenyeji hulikalia mpaka mgeni aondoke. Watu wamewahi kulikalia tundu kwa wiki nzima.

"Basi, kina mama," alisema Chifu, "kazi kwenu. Na vijana, chokaa iko ofisini kwangu."

Zipora aliporudi Alhamisi jioni, na fomu zake tisa kifuani, alikuta ufa haupo. Mahali pake palikuwa na ukanda laini wa udongo uliokandikwa vizuri, umechorwa michirizi ya vidole kama sakafu ya bibi harusi, na pembeni mawe yaliyopakwa chokaa, meupe, meupe, meupe, hadi chekechea. Jirani yake, Mama Chelule, alimpokea akiwa bado ana chokaa mikononi.

"Njoo uone, shoga. Ulikuwa unahangaika na kitu hiki peke yako, sasa tumekusaidia."

"Mmetia nini ndani?"

"Udongo, majivu, samadi kidogo. Kule chekechea palikuwa hapajai, tukatia magodoro mawili ya zamani na ule mlango wa kanisa uliovunjika."

"Na mawe haya?"

"Ya kuzuia gari la wageni lisitumbukie."

Zipora alimtazama Mama Chelule, akatazama mawe, akamtazama tena. "Kwa hiyo mnajua kwamba linaweza kutumbukia."

"Tunajua, ndiyo," alisema Mama Chelule. "Lakini mgeni hapaswi kujua."

*

Ijumaa yalifika magari matano. La kwanza lilimbeba Mkurugenzi wa Tathmini, Bwana Festo Malemba, aliyevaa gambuti nyeupe ambazo hazijawahi kuonana na tope. La pili lilibeba kiti chake. Matatu yaliyobaki yalibeba watu wa kumsikiliza.

"Ndugu wananchi," alianza Mkurugenzi, "hatari si jambo la kubahatisha. Hatari ni sayansi. Bila tathmini, hatari haiwezi kujua ukubwa wake. Ndiyo maana tumekuja, ili tuisaidie." Wale wa magari matatu walipiga makofi. "Ufa uko wapi?"

"Ndio huo, Mheshimiwa," alisema Chifu Tindi, akionyesha kwa mikono miwili kama anayekaribisha watu mezani.

Mkurugenzi aliutembelea mwanzo hadi mwisho. Akainama, akaupapasa. Akatoa kifaa kirefu cha chuma, akakiweka juu ya udongo uliokandikwa, akasoma: sifuri. Akasogea hatua kumi. Sifuri. Uso wake ukang'aa.

"Nimeona nyufa nyingi katika utumishi wangu," alisema. "Sijawahi kuona ufa wenye nidhamu kama huu."

Zipora alipita katikati ya watu na jembe la kuazima. "Mheshimiwa, umezibwa juzi. Nipe dakika tano niufukue, uone mwenyewe. Kuna godoro humo."

"Mama yangu," alisema Mkurugenzi kwa upole mkubwa, "mimi hupima hatari. Sifukui hatari. Kufukua ni Wizara ya Ujenzi."

"Basi ingia uruke juu yake."

Mkurugenzi alizitazama gambuti zake. "Kuruka hakumo kwenye fomu," alisema.

Ramani ilitandazwa juu ya boneti ya gari. Kalamu tatu zikawekwa.

"Paka nyekundu," alisema Zipora. "Wiki mbili mvua inakuja. Chini ya ufa huu kuna watu mia tatu na watoto wa chekechea. Paka nyekundu, tupewe malori, tuondoke."

Chifu Tindi alitazama juu kana kwamba rangi hiyo imetajwa na ndege. Mkurugenzi akafunika kalamu nyekundu kwa kofia yake, akasema taratibu, "Mama, hiyo rangi katika kaunti hii hatuitumii. Ingekuwa kama tunampigia mtu kampeni." Kisha akapaka kijani, kwa ustadi, bila kutoka nje ya mstari.

Kitongoji cha Kibiyo kilikabidhiwa cheti chenye fremu, kilichoandikwa KITONGOJI SALAMA. Wageni walikula kuku kumi na tisa, wakaondoka. Mwenyeji aliyebaki amekalia tundu, safari hii, alikuwa kitongoji kizima.

*

Mvua haikusoma cheti. Ilikuja mapema. Udongo uliokandikwa uliingia ndani kwa siku moja, ukafuatwa na magodoro. Chemchemi ya chini ya kilima ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Miti ya nyuma ya chekechea ikaanza kuinamia bondeni, na mlango wa Zipora ukakataa kufunga, ingawa hakuna aliyeugusa.

Alipita nyumba kwa nyumba. "Tuhame. Tuvuke mto, twende tambarare ya Kewa. Ni saa moja kwa miguu."

"Kewa ni ya uwanja wa ndege," walimjibu, na kweli Serikali ilikuwa imetenga Kewa kwa uwanja wa ndege miaka ishirini na mbili iliyopita. Hakukuwa na uwanja wala ndege. Kulikuwa na mlinzi. "Na tukishafika huko tutasema tumekimbia nini, na cheti tunacho?"

"Mlango wako unafunga, Chelule?"

"Haufungi."

"Na unaona ni nini hiyo?"

"Unyevu," alisema Mama Chelule, lakini alisema akiutazama mlango, si Zipora.

Usifikiri watu wale walikuwa wajinga. Walikuwa na viazi ardhini, ng'ombe zizini, na karatasi yenye fremu ya dhahabu iliyosema wabaki. Mtu hahitaji sababu kubwa ya kubaki kwake. Sababu kubwa inahitajika kumwondoa. Zipora alikaa kizingitini mwa mlango wake uliogoma, akajiuliza ni jambo gani moja tu hapa duniani ambalo humtoa mtu wa Nyangata nyumbani bila ubishi, akiwa na mkeka, watoto na chakula. Alipolipata alisimama, akaenda kwa Mzee Lumwaji.

Mzee Lumwaji alikuwa karani wa mahakama mstaafu. Hakuwa amekosa mazishi hata moja tangu nchi ipate uhuru, na kote huko alirudi akinung'unika kwamba hotuba zilikuwa dhaifu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umekuja na ule ufa wako?"

"Nimekuja kukuomba ufe."

Mzee aliweka kikombe chini. "Kwa muda gani?"

"Siku tatu. Nne, ikitegemea mvua."

"Nitalazwa jenezani?"

"Hapana. Utakaa kwenye kiti, mbele kabisa, kule Kewa, usikilize watu wakikusema."

"Watakuja wote?"

"Wote."

"Hata kina Sangale?"

"Hata kina Sangale watasimama wakusifu."

Mzee Lumwaji alilitafakari jambo hilo, akaonekana kupungua miaka kumi. "Nitavaa lile koti la kahawia," alisema.

*

Zipora hakudanganya mtu. Aliwatangazia waziwazi: matanga ya Mzee Lumwaji yanaanza Jumatano, tambarare ya Kewa, siku tatu, na marehemu mwenyewe atakuwepo. Marehemu ameomba asindikizwe na mifugo yote, kwa kuwa aliipenda.

"Kama hajafa, tunakwenda kulia nini?" aliuliza mmoja wa kina Sangale.

"Utalia utakachokikuta. Asiyekuja nitaliandika jina lake, na siku yake na sisi tutakuwa na shughuli."

Hilo lilitosha. Katika Nyangata mtu anaweza kukosa harusi, ubatizo, hata uchaguzi. Mazishi ya jirani hayakosi, maana anajua kaburi halijichimbi. Jumatano asubuhi Kibiyo nzima ilivuka mto na mikeka, masufuria, kuku katika vikapu na ng'ombe mbele. Mlinzi wa uwanja wa ndege alisimama njiani na rungu, akauliza wanakwenda wapi. "Matangani," wakamwambia. Alivua kofia, akawapisha. Sheria za nchi ile zilikuwa elfu nyingi, lakini iliyofuatwa na kila mtu ilikuwa moja: mfiwa hasumbuliwi.

Matanga yakawa matamu. Kila mtu alitaka kusema, na marehemu alikuwa anasikiliza kwa makini.

"Marehemu," alisema Sangale mkubwa siku ya pili, akitazama ardhi, "hakuwahi kugombana na mtu."

"Niligombana na baba yako miaka kumi na miwili," alisema Mzee Lumwaji kutoka kitini. "Usinipunguzie."

"Aligombana na watu wachache, lakini kwa haki."

"Hapo sawa. Endelea."

Habari za umati wa watu mia tatu waliokaa mahali pamoja zilimfikia Chifu Tindi, naye akazifikisha kwa Gavana, Mheshimiwa Bonifasi Kirundu, mtu ambaye hakuweza kupita karibu na turubai bila kuomba kipaza sauti. Ijumaa saa nne asubuhi alifika, na Mkurugenzi Malemba nyuma yake. Mvua ilikuwa imepumzika. Gavana alipanda jukwaani akawakabili wafiwa. Nyuma yake, ng'ambo ya mto, kilikuwa Kibiyo.

"Wafiwa wapendwa," alisema, "nimekuja na moyo mzito. Marehemu nilimjua vizuri."

"Hatujawahi kuonana," alisema Mzee Lumwaji.

"Alikuwa mtu wa utani," aliendelea Gavana, ambaye maisha yake yote hakuwahi kusimamishwa na jibu. "Ninachotaka kusema ni kwamba marehemu amekufa akiwa katika kaunti salama. Tumepima. Tumepaka kijani. Kitazameni kilima hicho nyuma yangu. Kimesimama imara kwa sababu ya uongozi bora. Kuna yeyote hapa anayekiona kikitikisika?"

Mikono mia tatu ilinyooshwa juu.

"Asanteni," alisema Gavana, akiinamisha kichwa. "Shusheni mikono, nimeona mnaniunga mkono."

Kilima kilikatika palepale kwenye mawe meupe. Hakikuanguka. Kiliteleza chote kwa pamoja, bila haraka, kikiwa kimebeba migomba yake imesimama wima, mabati, zizi la Sangale, na ukuta wa chekechea uliokuwa umechorwa twiga. Kisha sauti yake ikavuka mto, na wote wakasimama.

"Ketini, ketini," alisema Gavana. "Asanteni sana."

Zipora hakumtazama Gavana wala kilima. Alikuwa ameanza kuhesabu watu, akiwagusa mabegani mmoja mmoja, wazee, wachanga, waliosimama na waliokaa. Alihesabu mara mbili. Mia tatu na kumi na wawili, pamoja na marehemu; hakupungua hata mmoja. Ndipo alipoketi chini, akalia kwa sauti yake yote, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano pakawa na mtu anayelia matangani.

*

Uchunguzi ulifanywa, tena wa haraka: miezi minne. Mkurugenzi Malemba aliuongoza mwenyewe ili kuokoa muda. Taarifa ilieleza kwamba tathmini ya kijani ilisema hakuna atakayedhurika, na hakuna aliyedhurika. Kwa hiyo tathmini ilikuwa sahihi, pengine kupita zote zilizowahi kufanywa. Kilichotokea Kibiyo kilipewa jina la "kushuka kwa ardhi kwa mpangilio." Sifa za kuwakusanya watu mahali salama zilikwenda kwa hotuba ya Gavana. Mkurugenzi alipandishwa cheo, akapewa gambuti nyingine.

Kuhusu malori, mahema na ardhi ya kuhamia, Wizara ya Maafa Yajayo iliandika kwamba jambo hilo sasa limepita. Wizara ya Maafa Yaliyopita iliandika kwamba haina kumbukumbu ya kijiji chochote cha kijani kuwahi kuporomoka.

Miezi kumi na moja baadaye afisa wa ardhi alifika Kewa na tingatinga na amri ya kusafisha uwanja wa ndege. Alikuwa afisa mpya, na sare yake bado ilikuwa na mikunjo ya dukani. Alikuta nyumba arobaini na sita za udongo, darasa la chekechea na shamba kubwa la viazi. Zipora alimpokea shambani, akiwa na jembe lake mwenyewe.

"Mama, mmevamia ardhi ya Serikali. Nyumba hizi zote zibomolewe."

"Hizi si nyumba, mwanangu. Ni vibanda vya wafiwa."

"Na viazi hivi?"

"Chakula cha matanga."

Afisa alishusha sauti. Alivua kofia bila kujijua. Dereva wa tingatinga alikuwa amekwisha kuzima injini na kuvua yake. "Poleni sana," alisema afisa. "Sikuambiwa. Msiba ni wa nani?"

Zipora alimpeleka hadi mbele ya kibanda cha kwanza, alipokaa mzee mwenye koti la kahawia, akichovya kiazi kwenye chumvi. Afisa aliinama, akamsalimia, akasubiri kwa heshima mzee amalize kutafuna.

"Shikamoo, Babu. Samahani kuwasumbua. Ni kwamba ofisini wataniuliza tarehe. Haya matanga yataanuliwa lini?"

Mzee Lumwaji alimpa nusu ya kiazi.

"Nikifa, mjukuu wangu," alisema. "Kaa ule."